Mpira wa Filta Kuukuu

Jirani yangu hubadilisha mwenyewe oili ya gari lake la safari, lile lenye kitanda na jiko ndani. Hutandika gunia, huingia uvunguni chali, kisha huisemesha nati kama mama anayemwogesha mtoto mkaidi: "Tulia, nimekwambia!" Filta mpya huipaka oili kwenye mpira wa mdomoni kwa kidole kimoja na kuikaza kwa mkono mtupu. Ukimtajia gereji, husonya.

Juzi alikuwa katikati ya kazi hiyo binti yake akapiga simu: uchungu umeanza. Shemeji yake akawahi kiti cha mbele, mkoba mapajani. Filta mpya ilishakazwa na oili mpya ilishaingia. Jirani akaokota filta kuukuu aitupe, akapitisha kidole mdomoni mwake. Haikuwa na mpira.

"Washa twende, shemeji! Mpira tu huo!"

"Umeganda kwenye injini. Ikikaa miwili, oili yote itamwagika njiani, na mwanangu atazaa huku mama yake kakwama porini."

Akarudi uvunguni. Shemeji akanung'unika, akanyoosha mkono akapiga honi. Jirani alipotoka, ule mpira ulikuwa mkononi mwake kama bangili. Akaongeza oili iliyopungua, akashika usukani.

"Haya, sasa nung'unika. Tunakwenda."