Siku mashine ya kura ilifuata mbuzi kisimani

1974. Nilikuwa na miaka tisa. Hapo ndipo shida yangu ilianza.

Salaam aleikum wakuu, na wale wa habari zenu, habari. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu na hapa naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo anayekuja kusahihisha lugha akae kando. Haya niliyaona na macho yangu.

Ukame wa huo mwaka ulimaliza ng'ombe wetu wote, upande wa Merti. Baba alienda kutafuta malisho na hakurudi. Mama tulishamzika, nikabaki na dada yangu Talaso. Yeye alikuwa na kumi na tano.

Talaso akaingia kisimani. Kwetu kisima ni shimo refu, ndoo inavutwa na kamba. Alivutia mifugo ya watu maji, akilipwa kibuyu cha maziwa.

Mimi nakunywa kwanza. Yeye anasema ameshiba.

Nilikuwa mtoto, nikaamini.

Nilipopata nguvu nikashuka Isiolo. Nikawa turnboy wa lori, nikauza mbuzi, nikanunua plot hapo mjini, Bulla Pesa. Sikusaidiwa na mtu. Ndivyo nilikuwa nikijisifu.

Kaunti zikaja, maji yakawa mikononi mwa wale tunaowachagua. Kila uchaguzi nilipiga kura. Talaso hajawahi kuandikishwa hata mara moja, na kitambulisho anacho, amekifunga kwa nailoni ndani ya sanduku. Nilimwambia, "Usijisumbue. Kura yangu inatosha sisi wawili."

Nilidhani huo ndio upendo.

Halafu pampu ya maji kijijini kwa Talaso ikaharibika na ikakaa hivyo. Wakarudi kwa kisima cha kamba. Akanipigia simu, sauti ya chini, bila hasira:

"Ndugu yangu, maji navuta mimi. Kwa nini mtu wa maji anachaguliwa na wewe, unayefungua mfereji tu?"

Wakuu, hayo nimeambiwa mimi. Mimi!

Walipotangaza kuandikisha wapiga kura, nikawasha pickup. Mashine ya kuandikisha ilikuwa shuleni kwa kina Talaso, na hiyo ilikuwa siku yake ya mwisho huko. Nikakuta karani, msichana kutoka Meru anaitwa Kendi, amekaa na nzi peke yake.

"Mzee, kwani watu wa huku hawataki kura?"

"Wako kisimani. Leo ni zamu yao. Ukikosa zamu, mbuzi wanangoja siku tatu. Wewe ungeacha mbuzi wako wafe ndio ukuje kupigwa picha?"

Akacheka. Akapigia mkubwa wake simu, network ikikatika-katika, mpaka akakubaliwa. Tukapakia mashine, meza na mwavuli.

Kisimani kuna aba herega, mzee anayepanga nani atanywesha mifugo saa ngapi. Huyu ni Godana. Alisikiliza, akasema: mifugo yako ikimaliza kunywa, unaenda kwa mashine. Hakuna kuruka mtu.

Mimi nikaruka. Nikamshika Talaso mkono mbele ya watu.

"Huyu aanze. Gari ni yangu."

Godana hata hakuinua kichwa. "Hata ungetuletea mvua na hiyo gari, ungefuata zamu."

Watu walicheka, hata wale walio ndani ya shimo. Talaso alicheka kuwashinda, akajitoa mkononi mwangu, akarudi kwa mbuzi wake.

Nikasimama hapo na aibu yangu nikitazama. Mjane wa mbuzi wawili alitangulia, tajiri wa ngamia akangoja nyuma yake. Foleni kama hiyo sijaiona town.

Alasiri zamu ya Talaso ikafika. Picha, sawa. Vidole, mashine ikakataa. Kendi akavipangusa na kitambaa chake. Ikakataa. Akajaribu kimoja kimoja, vyote kumi.

Kamba ilikuwa imekula alama zote.

Talaso akasimama, akajifunga leso vizuri, akanigusa bega.

"Basi. Kura yako itatosha sisi wawili."

Hakuwa ananichoma, wakuu. Alikuwa ananituliza. Vile alivyosema ameshiba.

Nililia hapo mbele ya mbuzi.

"Mama, kaa," Kendi akasema. "Hakuna mtu anafukuzwa juu ya vidole. Naandika hapa vimekataa. Sura yako iko, namba ya kitambulisho iko. Utapiga."

Akampa kile kikaratasi cha kuonyesha ameandikishwa. Talaso alikifunga kwa nailoni ileile, akauliza uchaguzi ni lini.

Mimi nimejifunza hivi: usiweke mashine mahali karani anapata kivuli halafu useme watu hawataki. Uliza kwanza saa hiyo wako wapi, ufuate. Na kitu usimchukulie mtu, hata kama unampenda, ni zamu yake.

Kwenu mashine huwekwa wapi, na nani hukosa? Semeni. Hata wa matusi karibuni, nimezoea.

Mali yangu leo: plot tatu Bulla Pesa. Pickup moja. Ngamia kumi na wanane. Duka la dawa za mifugo.

Na kura moja. Ile ingine ni ya Talaso.