Karani Aliyeandika Watu Kumi na Mmoja

Zeddy Cheruto aliajiriwa kupiga chapa katika baraza la mji wa Kapsirwa mwaka wa 1994, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Tangu hapo amefanya kazi katika chumba kimoja chini ya serikali nne. Ya kwanza ilikuwa baraza lenyewe, na madiwani wake waliosinzia vikaoni wakaamka chai ilipoletwa. Mwaka wa 2013 mabaraza yalifutwa nchi nzima, ugatuzi ukaingia, naye akawa mtumishi wa kaunti. Baadaye ikaja kamati ya mji, ambayo hakuwahi kuiona ikikutana. Mwishowe Kapsirwa ikatangazwa kuwa manispaa, ikapewa bodi, na bodi ikapewa meneja.

Kila serikali ilimwita kwenye semina Nakuru. Kila semina ilimfundisha kwamba sasa mamlaka yamerudi kwa mwananchi. Zeddy alikula kuku wao, akachukua kalamu na kijitabu, akarudi Kapsirwa kuweka ndoo chini ya paa lile lile lililovuja tangu enzi za madiwani. Hakuna mageuzi yaliyowahi kufika kwenye paa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani ya kamba shingoni, asiyecheka upesi. Mumewe Kiprugut aliendesha trekta ya taka ya baraza mpaka trekta ikafa, kisha akakaa ofisini akilipwa kwa kuiangalia ikiota kutu. Yeye mwenyewe alifariki mwaka wa 2019, kwa ugonjwa wa figo. Zeddy akabaki na binti yao, Kimberly, anayefundisha shule ya msingi Subukia, na daftari la kumbukumbu za mikutano. Daftari hilo lilikuwa kubwa, la jalada gumu, kila ukurasa una nambari yake. Alilianza yeye, na aliliandika kwa mkono hata baada ya kompyuta kuletwa. Wakubwa waliliona kama ugonjwa wa uzee. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu hakuna aliyelisoma.

Meneja alikuwa Weldon Kipkemei, kijana wa miaka thelathini na minane mwenye viatu vya ncha ndefu. Alipenda sana neno “mageuzi.” Alibadilisha bango la lango, rangi ya kuta za mbele na karatasi za barua. Alibadilisha pia jina la choo cha umma, kikawa “kituo cha usafi,” bila kukiwekea maji. Mwaka wa 2024 akaja na mageuzi makubwa zaidi. Soko la Kapsirwa, lililokaa katikati ya mji tangu wakati wa mkoloni, lingehamishwa kilomita tatu nje, karibu na machimbo ya mawe. Mahali pake pangejengwa jengo la ghorofa nne. La nani, hakuna aliyeambiwa.

Sheria ilidai wananchi waulizwe kwanza, na Weldon akatii sheria kwa namna yake. Tangazo likawekwa kwenye gazeti la Kiingereza lisilouzwa Kapsirwa. Mkutano ukapangwa Jumatatu saa mbili asubuhi, siku ya soko, saa ambayo malori ya viazi kutoka Kuresoi yanashusha na kila mfanyabiashara yuko mbioni. Zeddy aliposoma tangazo hilo alimwambia meneja, “Jumatatu hawatakuja.”

“Wataalikwa, Madam Zeddy. Wasipokuja ni wao,” Weldon akajibu akitazama simu.

Jumatatu ikafika, na mvua juu yake. Ukumbini viliwekwa viti mia tatu vya plastiki. Zeddy alikaa pembeni na kuhesabu watu, kama alivyofanya mikutano yote. Alikuwapo meneja na wajumbe wawili wa bodi. Walikuwapo wafanyakazi wanne wa manispaa waliotumwa kujaza mstari wa mbele kwa ajili ya picha. Alikuwapo mama wa chai. Alikuwapo mzee mmoja aliyekuja kutafuta kibali cha mazishi akaelekezwa mlango usio wake. Alikuwapo Ndegwa, muuza viazi, ambaye jamaa yake wa Nakuru alimpigia simu kumwambia kuhusu tangazo. Na yeye mwenyewe. Watu kumi na mmoja.

Weldon aliwaonyesha picha ukutani. Soko jipya lilikuwa na miti, mapipa ya taka matatu ya rangi tatu, na Wazungu wakisukuma vigari vya ununuzi. Ndegwa akainua mkono.

“Boss, hii soko si ni ile ya kule kwa machimbo? Mathe wa Subukia na ndizi yake atafika huko aje? Na customer atanifuata kilomita tatu kununua viazi ya supu?”

“Asante kwa maoni,” Weldon akasema. “Tumeyachukua.”

Ukumbini hapakuwa na kalamu iliyokuwa ikiandika ila ya Zeddy. Baada ya dakika ishirini na mbili mkutano ulifungwa kwa maombi. Mzee wa kibali ndiye aliyesema “Amina” kwa sauti zaidi.

Kesho yake asubuhi Zeddy alikuta mezani kwake kumbukumbu za mkutano zikiwa zimekwisha kupigwa chapa. Zilisema wananchi 214 walihudhuria, wakajadili kwa kina kwa saa tatu, na wakaunga mkono kuhamishwa kwa soko kwa kauli moja. Palibaki nafasi ya sahihi yake tu. Nyuma zilibanwa kurasa tisa za mahudhurio, zenye majina, nambari za vitambulisho na sahihi.

Aliitambua orodha hiyo kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza. Ilikuwa yake. Aliipiga chapa mwenyewe mwaka wa 2017, neti za mbu zilipogawiwa. Kuna mtu aliyekuwa ameitoa kwenye faili, akapaka dawa nyeupe ya kufutia maandishi juu ya kichwa cha habari, akaandika kipya na kuinakili kwenye mashine. Safu ya “Idadi ya vitanda” sasa iliitwa “Maoni,” lakini tarakimu aliziacha. Mwananchi wa kwanza alikuwa na maoni mawili. Wa pili alikuwa na manne. Zeddy alitaka kucheka, kwani katika miaka thelathini hajapata kuona uvivu wa namna hiyo. Hata katika kudanganya walikuwa wametafuta njia ya mkato.

Kisha akafika nambari sabini na sita. Kiprugut. Maoni: matatu. Na mbele yake ile sahihi yake, yenye K iliyovutwa mkia mpaka mwisho wa mstari, kama mtu anayelima mtaro.

Zeddy alivua miwani. Akaweka mkono juu ya karatasi. Alimkumbuka Kiprugut siku ile ya neti, akipanga foleni kwenye jua kama watu wengine ingawa mkewe ndiye karani, akirudi na neti tatu chini ya kwapa, akizifunga mwenyewe na kugombana na misumari. Watu hawa walikuwa wamemtoa kaburini Jumatatu asubuhi wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki aunge mkono ghorofa lao.

Alizichukua zile karatasi akaingia kwa meneja bila kubisha.

“Bwana Meneja, huyu ni mume wangu.”

“Nani?”

“Sabini na sita. Tulimzika mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa. Hapa mmeandika alikuja jana.”

Weldon akatazama karatasi. “Kina Kiprugut ni wengi, Madam.”

“Wenye kitambulisho kimoja? Na sahihi moja?”

Meneja akainamisha kichwa. Zeddy alidhani ameona haya, na baadaye alijicheka kwa kudhani hivyo, kwani kumbe alikuwa akipiga hesabu.

“Sawa,” Weldon akasema, “mtoe huyo. Tubaki na mia mbili na kumi na tatu. Hii ni fomaliti tu, mama, usiifanye kubwa. Weka sahihi.”

Zeddy hakupiga kelele. Alirudi chumbani kwake, akafungua daftari, akaandika mkutano wa Jumatatu kama ulivyokuwa: tarehe, mvua, watu kumi na mmoja na walivyokuwa, swali la Ndegwa neno kwa neno, jibu la meneja, dakika ishirini na mbili. Alimtaja mama wa chai na kusudi la mzee wa kibali. Akazipiga chapa kumbukumbu hizo, akatia sahihi na muhuri, akampelekea kila mjumbe wa bodi nakala akamtaka aweke sahihi ya kupokea. Wajumbe tisa walipokea. Wanane hawakusoma. Wa tisa alisoma, akampigia meneja simu.

Barua ya uhamisho ilifika Ijumaa. Ilisema kwamba “kwa manufaa ya utumishi,” karani mkuu atakwenda kuandikisha mifugo kwenye kichinjio cha manispaa. Alikwenda. Aliketi kwenye kibanda cha mabati akiwa na gamubuti na koti la marehemu mumewe, akiandika ng'ombe na mbuzi walioingia. Kimberly alikuja kumtembelea, akaona damu kwenye mtaro, akaanza kulia.

“Mama, ungeweka sahihi tu. Ulibakisha miaka saba ustaafu.”

“Hapa ni pazuri,” Zeddy akasema. “Mbuzi wakiwa kumi na mmoja naandika kumi na mmoja. Hakuna anayeniambia ni mia mbili.”

Lakini yalimuuma. Aliamka asubuhi akiwa na hasira iliyomnyima hata hamu ya chai, na wiki mbili za kwanza hakupita barabara ya ofisini, ili asiwape raha ya kumwona na gamubuti.

Waliomfuata kichinjioni walikuwa Ndegwa na Mastura, muuza vitambaa ambaye babu yake aliletwa Kapsirwa na reli na ambaye familia yake haijawahi kukosa meza sokoni tangu hapo. Matingatinga yalikuwa yameonekana kwenye machimbo.

“Mama Kimberly,” Mastura akasema, akikunja buibui lake lisiguse sakafu, “tunaambiwa tulikubali. Mimi nimekubali lini? Jina langu nimeonyeshwa, na nambari ya kitambulisho changu. Eti nina maoni matano.”

“Ulikuwa na vitanda vitano,” Zeddy akamwambia. “Andikeni barua mkaombe kumbukumbu za mkutano. Ni haki yenu kisheria. Msiombe nakala ya kompyuta. Ombeni daftari.”

Waliandika, kisha wakafungua kesi. Wakili wao, Natalie, msichana wa Nakuru aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, ndiye aliyelifikisha daftari mahakamani, na mwenye daftari pia. Zeddy alivaa nguo yake ya kanisani. Weldon alikuja na mawakili watatu. Alijieleza vizuri, kwa takwimu, mpaka jaji alipoinua ile orodha na kumwuliza tarakimu za safu ya mwisho zina maana gani.

“Ni idadi ya maoni aliyotoa kila mwananchi, Mheshimiwa.”

“Huyu wa sabini na sita alitoa matatu?”

“Ndiyo, Mheshimiwa.”

Jaji akamgeukia Zeddy. “Na wewe unasemaje?”

“Ni vitanda, Mheshimiwa,” Zeddy akasema. “Chetu, cha binti yetu, na cha wageni. Tulipewa neti tatu. Siku ya mkutano yeye mwenyewe alikuwa na miaka mitano kaburini.”

Mtu mmoja wa nyuma akaangua kicheko, na jaji hakumkemea. Weldon akajishughulisha na tai yake. Zeddy alimtazama hapo akatafuta ile hasira aliyokuja nayo, akakuta imegeuka kitu kikavu zaidi. Alimwona ni mtu mdogo sana, ambaye hata orodha ya neti ilikuwa imemshinda kusoma.

Uhamisho wa soko ulisimamishwa, na mkutano ukaamriwa ufanywe upya, sokoni penyewe. Weldon hakufungwa wala kufukuzwa. Alipelekwa kwenye ofisi nyingine, mbali, yenye zulia, akawa mshauri wa utawala bora, na anaalikwa kuzungumza kwenye semina. Kaimu meneja aliyekuja, mama mtaratibu aliyeitwa Abby, alimrudisha Zeddy masjala baada ya siku nne, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua faili ziko wapi. Zeddy hakumshukuru.

Mkutano wa pili ulifanyika Jumapili mchana, kati ya meza za nyanya. Walikuja watu mia sita na zaidi, na haukuwa mzuri wa kutazama. Walikatizana, walitukanana, mtu alivunja trei ya mayai. Ndegwa mwenyewe, aliyekwenda mahakamani kupinga, alisimama akasema malori ya viazi ya jumla yanaziba mji na yangefaa kupelekwa huko machimboni, ila soko la rejareja libaki. Mastura akamwita msaliti mbele ya wote. Kisha wazo hilo likaanza kuwaingia watu, mmoja mmoja, na jioni wengi wakalikubali kwa kunyoosha mikono. Mastura hakunyoosha, na Zeddy akaliandika hilo pia.

Kesho yake Abby alipokea kurasa kumi na tisa.

“Mama Kimberly, bodi haiwezi kusoma haya yote. Si ungetoa muhtasari wa kurasa mbili?”

“Watu walisema kurasa kumi na tisa,” Zeddy akajibu. “Bodi ina siku kumi na nne kabla ya kuamua. Ni ukurasa mmoja na kidogo kwa siku.”

Akarudi chumbani kwake, akafunga mlango, akaanza kuandika anwani za wajumbe tisa kwenye bahasha.