Siku Nilipopelekwa Kuona Manowari

Mwanangu hakuwa na kawaida ya kunialika matembezi. Hapa Houston anafanya kazi usiku ghalani, mchana analala, na siku ya mapumziko analala zaidi. Kwa hiyo alipokuja jikoni akasema, "Mama, Saturday niko off, twende Galveston tukaone manowari ya zamani," sikufurahi. Nilijiuliza anataka nini.

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Nimeikimbia Burundi mara mbili, na mara zote waliovuka ziwa wakiwa na viatu miguuni ni wale walioshuku mapema. Isitoshe, dalili zilikuwepo. Tangu nianguke bafuni, mwanangu na mkewe walikuwa wakinyamaza kila nikiingia sebuleni. Mkewe anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee huko Sugar Land, na siku hizo alianza kuniuliza anayowauliza wale: umelala vizuri, umekunywa maji? Binti yangu wa Fort Worth, ambaye husubiri Krismasi ndipo apige simu, sasa alipiga kila jioni, bila kuomba kuzungumza nami. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Jumamosi asubuhi niliinama kutafuta viatu, nikaona uvunguni mwa kitanda mko wazi. Sanduku langu halikuwepo.

Nilichukua mkoba nikatia rozari, kadi yangu ya ukaazi, khanga na karanga za kukaanga. Kwetu mtu hapandi meli mikono mitupu. Nilipotaka kuuweka mkoba kwenye buti ya gari, mwanangu akaniwahi: "Hapana mama, shika tu, buti imejaa vitu vya kazi." Vitu gani vya kazi, mtu anayepakia makatoni ya watu?

Kule Galveston nikavishwa kofia ngumu. Nikashuku zaidi. Matembezi gani haya ya kuvaa kofia ya fundi? Na meli yenyewe haikuwa majini. Ilisimama chelezoni, mahali pakavu pa kukarabatia meli, tumbo lote nje, mafundi wakichomelea mabamba mapya ya chuma. Sikuwa nimewahi kuona meli kubwa hivyo. Niliyoijua mimi ni ile kuukuu ya Kigoma, iliyoletwa vipande vipande na Wajerumani kwa ajili ya vita vyao, wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe, Waingereza wakaiopoa, na karibu miaka mia baadaye ikaja kututoa sisi wakimbizi tuliokwama ufukwe wa Kagunga. Haikuweza kusogea ufukweni. Nilikuwa nimeishiwa nguvu kwa kuhara, na mwanangu huyuhuyu alichuchumaa mbele yangu akasema, "Panda, mama," akanibeba mgongoni, maji yakimfika kifuani, hadi kwenye mtumbwi wa kutufikisha melini.

Aliyetupandisha ngazi na kututembeza melini Galveston alikuwa mzee wa Kizungu mwenye ndevu. Alisema sana, mwanangu akatafsiri kidogo, nami sikuipenda tofauti hiyo. Manowari iliundwa Virginia, zamani sana. Ilianza kwa kuchoma makaa ya mawe, baadaye mafuta, ikapigana vita vikuu vyote viwili. Pwani ya Ufaransa, adui alipokuwa mbali kuliko makombora yalivyoweza kufika, mabaharia walijaza maji ubavu mmoja kwa makusudi, meli ikainama, mizinga ikaelekea juu, makombora yakafika. Hilo nililiamini mara moja. Nilimtazama mwanangu. Naye tangu asubuhi alikuwa ameinama upande.

Baada ya vita ilifungwa nanga karibu na Houston, watu wakawa wanakuja kuitazama. Ikazeeka, ikavuja, pampu zikawa hazipumziki.

"Muulize," nikasema, "ilipoanza kuvuja, kwa nini hawakuikatakata ikawa chuma chakavu?"

Mzee alijibu kwa mikono na mdomo.

"Anasema watu walikataa," mwanangu akasema.

"Kasema mengi kuliko hayo."

"Anasema ni mzigo. Wengine walitaka iondolewe pale ilipokaa, ipelekwe kwa watu wenye nafasi. Wali-argue miaka mingi."

"Na wewe uko upande gani?"

Hakuniuliza upande wa nini. Alimshukuru mzee, akangoja aende na wageni wengine, ndipo akavua kofia.

"Sanduku langu liko kwenye buti," nikamwambia.

"Mama, dada ana-work from home. Sisi tunakuacha peke yako. Ukianguka tena? Nilitaka kwanza ufurahi, halafu tuendelee Fort Worth."

Niliumia. Nilikuwa nimejua, na bado niliumia. "Ungeniuliza," nikasema. "Hata chuma hiki watu walikaa wakakijadili, tena mbele ya kila mtu."

Tukarudi kwenye ngazi, na ngazi za meli za vita hazikutengenezwa kwa magoti yangu. Kupanda nilijikaza. Kushuka nikashindwa. Akatangulia hatua moja, akachuchumaa, akanipa mgongo.

"Panda, mama."

Nilisita. Mgongo ulikuwa uleule, lakini safari hii sikujua unanipeleka wapi. Nikapanda.

Barabara ya 45 kutoka Galveston inakwenda moja kwa moja mpaka Dallas, jirani na Fort Worth, usipokunja. Sisomi Kiingereza, ila tarakimu nazijua, na anayekwenda kwetu, mtaa wa Alief, hukunja penye namba 8. Nilikumbatia mkoba nikahesabu vibao. Namba 8 ilipotokea, alipunguza mwendo mno, gari za nyuma zikatupigia honi. Akawasha taa ya kukunja.

Nyumbani mkewe alifungua mlango, akaniona mimi, kisha sanduku mkononi mwa mumewe, akasema, "Karibu, mama," kwa sauti ndogo. Mwanangu akalirudisha sanduku uvunguni.

Nguo bado zimo. Natoa moja moja, ile ninayovaa siku hiyo, na jioni nikishaifua na kuikausha, naikunja nairudisha.