Mijakaranda Aliyoiacha Baba Mbeya

Baba yangu alikuwa kibarua wa bustani wa mji pale Mbeya, na kazi yake kubwa, kwa miaka yote niliyomfahamu, ilikuwa kumwagilia miti isiyokuwa yake. Nilikuwa darasa la tatu alipopanda mijakaranda kumi na minne kando ya barabara kuu, karibu na nyumba tuliyopanga. Kiangazi alifunga madebe mawili ya maji kwenye baiskeli na kupita mche hadi mche, akiinama kwenye kila mmoja na kuukaripia kwa Kihehe kama mtoto aliyechelewa kutoka shule.

Mche mmoja uligongwa na lori lililokatika breki. Vibarua wenzake walimwambia baba aung'oe apande mwingine. Yeye aliuinua, akauegemeza kwenye nguzo, akaufunga kwa vipande vya suruali yake ya kaki. Uliishi, ila ulikua umeinamia barabarani kama mtu anayechungulia gari linakuja lini. Kila Oktoba ulikuwa wa kwanza kutoa maua, na viatu vyetu vya shule vilifika nyumbani vimegandwa na petali zake za zambarau kwenye soli.

Nikiwa kidato cha pili, baba aliugua kifua wiki mbili, akafa. Mama alitufungia mizigo akaturudisha kwao Iringa. Sikurudi Mbeya kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuna aliyenizuia. Niliogopa tu kuuona mji unaendelea bila yeye.

Sasa nina kitalu cha miche Iringa, chini kule karibu na mto Ruaha Mdogo. Mwaka juzi nilipigiwa simu na mkandarasi aliyekuwa anapanua barabara kuu ya Mbeya. Walitaka miche ya kupanda baada ya ujenzi, na mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kuilinda miti itakayobaki kazi ikiendelea. Nilisema ndiyo kabla hawajamaliza kueleza.

Aliyenipokea ni injinia kijana, mtu wa Kanda ya Ziwa, mwenye adabu, aliyeniita mama ingawa hatukupishana sana umri. Tulitembea barabara nzima kwa miguu. Akanieleza kwamba mti wenye alama nyekundu utakatwa, na wenye duara jeupe utabaki. Nilikuwa naitikia tu, macho yako mbele. Tulipofika kwenye mijakaranda ya baba niliihesabu. Ilibaki tisa, minene, magome yamepasuka, na yote tisa ilikuwa na alama nyekundu.

"Hii yote?" nikauliza.

"Yote, mama. Hapa njia zinakuwa nne, halafu mtaro, halafu njia ya waenda kwa miguu."

Nilimwomba futi. Tulipima kutoka kila shina hadi mahali mtaro ungepita. Mti ulioinama ulikuwa katikati kabisa ya njia mpya ya magari. Hapo hapakuwa na la kusema. Lakini minne ya upande wa juu ilisimama mahali ambapo eneo la barabara lilikuwa pana. Nikamwambia, njia ya waenda kwa miguu ikipita nyuma ya miti, mtaro unaweza kusogea mbele, na miti minne ikapona.

"Mtaro ni wa zege, mama. Haupindi kama nyoka."

"Haupindi. Unasogea wote, taratibu, kuanzia kule kwenye kalavati."

Alimwita mpimaji, wakapima tena wenyewe, mimi nimesimama pembeni na mkoba wangu. Mwisho akasema, "Nitaandika barua. Lakini usiitegemee sana."

Jibu lilichukua siku nane. Siku hizo nilizitumia kuhamisha miti michanga ambayo wakazi walikuwa wameipanda mbele ya maduka yao, tunaichimba na bonge lake la udongo, tunalifunga kwa gunia, tunaipeleka kivulini. Siku ya tisa injinia alinijia anatabasamu. Minne imekubaliwa.

Nilimshukuru. Akaniangalia kidogo, kisha akasema, "Nimekuona kila asubuhi unasimama kwenye ule ulioinama. Mbona huo hukuuombea?"

Ndipo nikamweleza habari za baba, na lori, na suruali ya kaki.

"Ungeniambia siku ya kwanza."

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Alitazama barabara, akatazama mti. "Hakuna," akasema polepole.

Ile minne tuliizungushia mbao kwenye mashina na uzio wa miti kuzunguka mizizi. Sharti langu lilikuwa moja: ndani ya uzio hakuna mashine, hakuna kumwaga chochote, na karibu na mizizi watu wachimbe kwa mkono. Siku moja nilirudi kutoka kula nikakuta dereva wa kijiko, ile mashine ya kuchimba, amemwaga rundo la kokoto juu ya mizizi, na uzio umelala.

"Mama, mti ni mti tu," akaniambia. "Mizizi iko chini huko, kokoto ziko juu. Zinagombana wapi?"

Nilichukua koleo nikaanza kuziondoa peke yangu, nimevaa gauni, watu wa stendi ya karibu wananitazama. Baada ya muda nilisikia koleo la pili. Ni yeye. Tukiendelea kuziondoa akaniambia kwamba wazazi wake walihamia Usangu na mifugo kutoka kaskazini akiwa mdogo. "Kule kwetu ukiona kivuli kwa mbali, unajua ng'ombe wameshakiwahi," akasema, na sote wawili tukacheka. Tangu siku hiyo akawa yeye ndiye anayewafukuza wenzake kwenye uzio.

Mitano ilikatwa asubuhi ya ukungu. Nilipanga niwe kule kwenye miti tuliyoihamisha siku hiyo, miguu ikanileta barabarani. Msumeno wa chenso ulianza na ule ulioinama kwa sababu ndio ulikuwa mbele. Haukuchukua hata dakika kumi. Nilikuwa nimejiandaa kulia kwa ajili ya mti, lakini ulipoanguka kilichonishika kilikuwa kingine: nyuma yake, mahali palipokuwa pamezibwa na matawi, nikaiona nyumba yetu. Bati jipya jekundu, kamba ya nguo zisizo zetu, mwanamke nisiyemjua ametoka mlangoni kuangalia mwanga umetoka wapi. Nilitaka kuvuka nimwambie kwamba pale alipokanyaga ndipo baba alipokuwa akiegemeza baiskeli. Nikabaki nimesimama. Ningemwambia ili afanye nini na habari hiyo?

Mvua ziliposhika tulipanda. Mama mmoja muuza chipsi alikataa mche mbele ya banda lake, akasema utamficha kwa wateja. Tulibishana mpaka akacheka, tukausogeza hatua mbili, na yeye mwenyewe ndiye aliyeushikilia nikiwa nafukia udongo. Ile minne mikubwa haikudondosha majani kabla ya wakati wake, na injinia alisema barabara nzima hakuna kipande kinachompendeza kama hicho.

Nilirudi Iringa jioni ya Jumamosi. Mama alikuwa ameketi jikoni anachagua maharage. Nilimweleza yote: minne imebaki, mitano imekwenda, barabara itakuwa nzuri sana. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Na majirani?" akauliza. "Uliwasalimia?"

Nikamwambia nilipita nyumba hadi nyumba siku ya mwisho. Wengine wamehama, wengine wamezikwa, na kwingine kumejengwa maduka.

"Hukumkuta hata mmoja anayetujua?"

"Hata mmoja, mama."

Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalishika muda mrefu kidogo kati ya vidole, kisha akalitupa nje mlangoni na kuniambia nisogeze kigoda, moto umeshika vizuri.