Aliyeitika Badala ya Mwalimu Nyaga

Wallahi, kisa hiki sikusimuliwa kinyozini wala sikukiota. Mimi nauza nyama hapa Meru mjini, watu huniita Bucha, na kazi ya bucha haikuachii uoga mwingi wa vilivyokufa. Sina cha kupata kwa kukudanganya. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele hutapata nafasi.

Tulikuwa na chama cha redio. Sisemi redio ya kusikiliza taarifa ya habari. Nasema redio ya kuongea, mtu na mtu, kwa leseni ya serikali na waya mrefu uliotundikwa kwenye miti ya mukima. Tulikuwa watu kumi na mmoja, Meru na Embu. Jumamosi tulifundisha watoto wa shule kuunganisha redio ndogo, na mvua ikizidi tulipashana habari za mito na barabara. Watu walituona wendawazimu. "Si mna simu?" walituuliza, wakaendelea kuuliza mpaka ule mwaka udongo ulipoporomoka na mlingoti wa simu ukalala chini. Siku tatu nzima, habari za watu wa huko juu mlimani zilipita kwetu sisi tu.

Baada ya hapo tukajiwekea desturi. Kila jioni saa moja na nusu, nikishaswali magharibi, nilikaa kwenye redio nikaita majina, kila mtu kwa jina la kijiji chake. Mikinduri? Kiirua? Kibugu? Kila mmoja aliitika, akasema hali yake, nami nikamtilia alama daftarini. Asiyeitika jioni mbili mfululizo aliendewa nyumbani kwake, kuwe na mvua au matope. Wengi wetu ni wazee tunaoishi peke yetu. Mke wangu alitangulia, mwanangu Salim yuko Mombasa. Ukifika umri huu utajua kwamba kuitwa jina kila jioni si jambo dogo.

Kibugu ilikuwa Mwalimu Nyaga. Alistaafu ualimu, akabaki na shamba lake la chai kule mwisho kabisa, karibu na msitu. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yake mmoja, Wanja, anafanya kazi Nairobi. Ni Mwalimu aliyenifundisha hesabu za mtihani wa leseni, mimi niliyeishia darasa la saba, na hakunicheka hata siku moja. Nilimpenda mzee yule, acha niseme wazi.

Lakini alikuwa mlalamishi! Ukimwita jina umefungua mfereji. Magoti, bei ya majani chai, ndovu waliovunja ua. Na sauti yake ilinifikia imechakaa, kwa sababu mlima umekaa katikati yetu. Sisi watu wa redio hupimana sauti kwa namba mbili: ya kwanza ni jinsi maneno yanavyoeleweka, mwisho wake tano, ya pili ni nguvu, mwisho wake tisa. Mwalimu hakuwahi kupita tatu, nne. Nyuma ya sauti ungesikia mvua kwenye mabati na mbwa wake akibweka.

Sasa sikiliza. Jumapili moja, msimu wa mvua ndefu, nikaita, "Kibugu?"

"Niko. Mzima. Sina neno."

Sauti ilikuwa yake, lakini safi kama ya mtu aliyesimama mbele ya meza yangu ya kukatia nyama. Hakukuwa na mvua nyuma yake, wala mbwa. Nikampa tano tisa, mara ya kwanza maishani mwake. Nikamtania, "Mwalimu, umetundika waya mpya na hukutuambia?" Hakucheka. Nikatia alama, nikaita Kiirua.

Jumatatu, vilevile. Niko, mzima, sina neno. Tano tisa.

Jiulize, ni lini Mwalimu Nyaga aliwahi kukosa neno? Hata siku aliyopata bonasi nzuri ya chai alilalamika. Mimi niliyemjua miaka yote hiyo nilipaswa kushtuka. Badala yake niliona wivu. Ndiyo, wivu! Nilikuwa nawaza ni antena gani hiyo inayoruka mlima.

Jumanne jioni Wanja akanipigia simu. "Anko, baba hapatikani kwa simu tangu Jumapili. Kijana wake wa shamba ameenda kwao Mbeere kupanda ndengu, kwa hivyo yuko peke yake. Nilikuwa nataka kutuma mtu wa boda akamwangalie."

Nikamjibu, na maneno haya nitayajibu mbele ya Mungu, "Usijisumbue, binti yangu. Nimeongea naye saa hii hii. Baba yako ni mzima kuliko mimi. Simu itakuwa haina chaji."

Akacheka kwa kufarijika. "Asante sana, Anko. Basi acha niwachane na hiyo boda."

Alhamisi nilikuwa na safari ya Embu kutafuta ng'ombe. Nikafunga kilo mbili za mbavu, nikasema nitapanda mpaka Kibugu nimwone Mwalimu. Sitaki unidhanie wema: nilienda kuuona ule waya. Kazi ya kuita majina nikamwachia Kinoti wa Mikinduri, makamu wangu, mkulima wa miraa mwenye sauti kubwa ya mnada.

Barabara ya juu ilikuwa matope matupu. Bodaboda iliniacha njiani, nikamalizia kwa miguu katikati ya chai, ukungu umeshuka hadi magotini. Nilifika giza likiingia. Kwanza niliangalia juu ya mti wake. Waya ulikuwa uleule wa zamani, wenye fundo tulilofunga pamoja.

Mbwa alikuwa kwenye ngazi, mbavu nje, hana nguvu hata ya kubweka. Jikoni hakukuwa na moshi. Nikabisha, kimya. Nikausukuma mlango wa nyuma, na harufu iliyonipokea sitaieleza.

Mwalimu alikuwa sakafuni kando ya meza ya redio, mguu mmoja umepinda vibaya kutoka nyongani. Stuli ilikuwa imeanguka karibu naye. Alikuwa amepanda kuziba kwa karatasi ya nailoni mahali bati linapovuja, stuli ikamponyoka. Tone la mvua lilikuwa likiangukia sufuria pale chini, na maji hayo ndiyo yaliyomweka hai. Mezani redio ilikuwa inawaka kwa betri ya sola. Maiki ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake ukutani, juu, mahali ambapo mtu aliyelala chini hawezi kufika.

Nilipiga magoti nikamnywesha maji kwa kiganja. "Mwalimu, umeanguka lini?"

"Jumapili. Nilipotoka kanisani."

"Haiwezekani. Jana tumeongea mimi na wewe!"

Akanitazama. Macho yale ninayo mpaka leo. "Sikuwa mimi, Bucha. Mimi nilikuwa hapa chini, nasikia. Kila jioni unaniita, na mimi napiga kelele kwa nguvu zangu zote. Halafu yeye anaitika."

"Yeye nani?"

"Sijui. Anatumia sauti yangu." Akapumzika kidogo. "Na wewe unamsifu."

Hapo ndipo nilipolia. Nilitoa simu nipige, mtandao haukuwepo hata kidogo. Na kabla sijasimama, redio ikaamka. Ilikuwa saa moja na nusu. Kinoti alikuwa anaita majina, vile nilivyomwagiza.

"Kiirua, uko?" Kiirua akaitika. "Haya. Mwalimu wa Kibugu, uko?"

Mwalimu akafungua mdomo. Alitoa sauti ndogo, mkwaruzo tu. Nami nilikuwa nimemshika kichwa, naiona redio, naona sindano yake imelala na taa nyekundu ya kutuma imezimwa. Redio ile haikuwa inatuma chochote. Ilikuwa inapokea.

"Niko," ikasema sauti. "Mzima. Sina neno."

Niliruka nikaipokonya maiki msumarini, nikabonyeza, nikapiga kelele kama mwizi aliyezingirwa. "Kinoti! Ni Bucha! Mwalimu ameanguka, anakufa, huyo si yeye! Tafuta watu wa Kibugu, tafuta gari!" Taa nyekundu iliwaka. Sindano ilipanda hadi mwisho. Nikaachia kidude nisikilize.

Kinoti akacheka. "Sawa, Mwalimu, si nimekusikia ile mara ya kwanza! Tano tisa. Usiku mwema."

Kinoti ameniapia, mkono juu ya Biblia, kwamba jioni ile Mwalimu aliitika mara mbili, kwa maneno yaleyale. Kelele zangu hazikufika. Kilichotoka kinywani mwangu kikiwa kilio kilifika Mikinduri kikiwa salamu.

Nilikimbia gizani hadi nyumba ya jirani, mwendo mrefu ule wa katikati ya chai. Mama mmoja alitoka na taa. "Mwarimu?" akasema. "Lakini tuliambiwa ni mzima! Wanja alipigia kijana wangu Jumanne aende na boda amwangalie, halafu akapiga tena akasema asiende, ati kuna mtu ameongea naye."

Huyo mtu alikuwa mimi. Sikumwambia.

Tulimbeba kwa blanketi, watu sita, tukampakia kwenye pikapu. Njiani nilikuwa nimemshika mkono. Hakulalamika hata mara moja, matuta yote yale. Nilimwomba alalamike. Nikamwambia, "Mwalimu, sema magoti yanauma, sema chochote." Taa za Embu zilikuwa zimeanza kuonekana alipokata roho.

Siku ya mazishi nilijaribu kumweleza Wanja. Aliniacha nimalize, msichana ana adabu. Halafu akasema, "Uliniambia ni mzima, Anko." Basi. Angenitukana ningelala usingizi. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kama baba yake angefikishwa Jumanne, au hata Jumatano asubuhi, angeishi.

Sikuweza kukaa kwenye redio tena. Daftari lile lina alama nne kwa mkono wangu, Jumapili mpaka Jumatano, nzuri kabisa, mbele ya jina la mtu aliyekuwa anakufa. Nilishusha waya wangu, nikampa Kinoti redio na kila kitu, nikamwambia afute jina langu. Wenzetu wanne waliondoka baada ya hapo. Waliobaki wanaendelea kuitana, na siwalaumu. Mtu anataka kuitwa.

Nilidhani yameisha. Mjinga mimi.

Mwezi uliopita nilishikwa na homa, nikalala siku tatu kwenye chumba changu nyuma ya bucha, bila nguvu ya kufika mlangoni. Simu ilizima. Majirani wa sokoni walipoona nimefunga walidhani nimeenda kununua ng'ombe. Nilipona kwa rehema za Mungu tu. Nilipoichaji simu nikampigia Salim, nikamgombeza. Baba yako amelala siku tatu, hujui?

Akashangaa. "Lakini nilikutafuta, baba! Sikukupata, nikampigia Kinoti. Aliniambia nisijali, ati ameongea na wewe jioni hiyo hiyo."

Kinoti alikuja dukani Jumamosi iliyofuata. "Muga, Bucha! Nafurahi umerudi hewani. Na sauti yako siku hizi iko safi, bana. Umenunua redio nyingine?"

Kisu kilinidondoka. Nikamuuliza, ninasema nini huko hewani?

"Si vile tu wewe husema. Uko, ni mzima, huna neno."

Nikamwambia sina redio, yeye mwenyewe ndiye anayo. Hapo akamkumbuka Mwalimu. Nikamsihi aache kuita jina langu. Akaniambia aliacha tangu siku ile nilipomwomba. Haniiti. Akimaliza majina yote, naitika mwenyewe.

Tangu hapo nimejaribu kila kitu. Nimesomewa dua, nimemwambia Salim asimwamini mtu, naye anasema, "Sawa, baba," kwa ile sauti ya kumtuliza mzee. Juzi alinipigia kuuliza kwa nini namsumbua. Ati asubuhi yake nilikuwa nimempigia simu mwenyewe, nikamwambia ni mzima. Mimi sikumpigia.

Kwa hiyo nakuambia wewe, uliyenisikiliza mpaka hapa. Mzee wako akikwambia kwa simu kwamba hana neno, ogopa. Mtu aliye hai huwa na neno. Nenda ukamwone kwa macho, umguse. Na siku ukipita hapa Meru ukute bucha yangu imefungwa, ukauliza, ukaambiwa Bucha yuko, ni mzima, hana neno, usiridhike, ndugu yangu. Zunguka nyuma. Vunja mlango.