Twiga wa Sikio Fupi

Mtaani kwetu Komarock watu wameanza kusema kwamba tuzo ya kebo ni twiga kwa sababu twiga huona mbali. Maneno mazuri, lakini si kweli. Ni twiga kwa sababu siku ile nilikuwa na twiga.

Kebo yenyewe ililetwa na jirani yetu mmoja, fundi wa umeme, aliyetandaza nyaya kutoka paa hadi paa tukawa tunaona mpira na sinema. Baadaye akafungua chaneli ya mtaa. Katika chumba nyuma ya duka lake aliweka kamera moja na pazia la buluu, na watu wakaanza kufanya vipindi: kwaya ya kanisa letu, mawaidha ya mzee mmoja Mwislamu wa Pumwani mwenye duka la vyombo hapa kwetu, matangazo ya matanga na ya watoto waliopotea. Kila mtu alitaka kipindi chake kitoke saa moja jioni, watu wakiwa wamerudi kazini. Ugomvi ulipomchosha, fundi akaweka sanduku la kura dukani: kipindi kitakachopendwa zaidi kitapata saa moja jioni kwa mwaka mzima, na kikombe juu yake.

Kikombe alikiagiza mjini. Kikaja kimeandikwa pongezi za mchezo wa gofu. Zilikuwa zimebaki saa chache tuzo itolewe, akaja mbio kwenye kibanda changu cha uchongaji kando ya barabara ya Kangundo. Nilikuwa na twiga mmoja wa jakaranda ambaye mnunuzi alimkataa kwa kuwa sikio lilikatika nikilichonga. Nikalisawazisha lile sikio kwa msasa, nikampaka rangi ya viatu, nikamchoma jina la kwaya iliyoshinda kifuani kwa chuma cha moto. Kwaya ikamzungusha mtaa mzima ikiimba.

Mwaka wa pili nilichonga twiga safi, masikio yote mawili kamili. Siku ya tuzo ukumbi ukanung'unika. Walisema huyu si yeye. Tangu hapo nimekuwa nikichonga sikio zima na la pili nusu, na sijawahi kufanya kosa kwa uangalifu kama huo.

Jina la kifuani ndilo lililoniletea shida. Kura huhesabiwa Jumatano na mchungaji wetu pamoja na yule mzee wa Pumwani, kisha naletewa jina kwenye karatasi. Tuzo hutolewa Jumamosi mchana. Kwa siku tatu siri ni ya watu watatu. Mimi ni mzee wa kanisa, kwa hiyo niliwaambia tangu mwanzo kwamba sitasema, na nikiulizwa sitadanganya. Miaka ya kwanza haikuwa kazi. Kisha mke wangu akaanza kipindi.

Kilikuwa cha mapishi. Alipika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa au mboga za kunde huku akisimulia habari za Biblia, na alijua kuzioanisha, hata mana ya jangwani aliitafutia sufuria. Lakini kilitoka saa tisa mchana, wakati wale aliowalenga, kina mama wanaofanya kazi mjini, hawapo nyumbani. Aliitaka saa moja jioni kwa ajili yao. Aliiombea waziwazi mezani, kabla ya chai.

Mwaka wake wa kwanza karatasi ilikuja na jina la vijana waliosoma habari za mtaa kwa Sheng. Nilirudi nyumbani nikimwomba Mungu anipe uso wa kawaida. Njiani nikanunua maparachichi mawili. Nilipofika nikaosha vikombe. Mke wangu alisimama mlangoni akiniangalia.

"Maparachichi mawili," akasema. "Na vikombe umeosha."

"Vilikuwa vichafu."

"Vimekuwa vichafu tangu tuoane, Mzee."

Alikata parachichi, akaniwekea nusu iliyo kubwa, akasema gauni lake la kijani atalivaa vilevile. Jumamosi vijana walipotajwa, yeye ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza, na mtangazaji wao, kijana wa nywele za rasta, akaja akainama mbele yake kama mbele ya nyanyake.

"Shosh, si tulikuwa tunakuogopa."

"Endeleeni kuogopa," akamjibu.

Mwaka uliofuata mzee wa Pumwani alinipa karatasi, na ndevu zake zilikuwa zikicheka. Lilikuwa jina la mke wangu. Nililichoma polepole kuliko majina yote, na nilipomaliza nikashukuru nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi la mbao. Kisha nikakumbuka kwamba lazima nirudi nyumbani. Nikifika mikono mitupu, mama huyu atajua kila kitu kabla sijavua kofia.

Nikanunua maparachichi mawili. Nikaosha vikombe.

Akaviona. Alishusha pumzi, akaenda kupiga pasi gauni la kijani. Kwa siku mbili alinifariji mimi, akisema saa tisa mchana nayo ni saa ya Bwana. Moyo ulinisumbua. Ijumaa nilimwendea mchungaji nikamuuliza kama parachichi laweza kuwa uongo. Alicheka hadi akavua miwani. Alisema ametumikia miaka mingi na hajakutana na andiko juu ya hilo, ila nilile kwa shukrani.

Jumamosi mchungaji alisimama na karatasi. Alipofungua tu kinywa, mke wangu akaanza vigelegele kwa ajili ya vijana, akidhani wameshinda tena, maana alikuwa amejiandaa kuwa wa kwanza. Jina lake lilimkuta katikati. Vigelegele vikakatika, akabaki mdomo wazi, na ukumbi mzima ukamalizia.

Nyumbani alimweka twiga juu ya televisheni, akampapasa lile sikio fupi, kisha akanigeukia.

"Kuanzia leo utaosha vikombe kila siku," akasema. "Ili nisije nikajua lolote tena."

Jumatatu saa moja jioni nilikuwa jikoni, mikono ndani ya povu. Dirisha lilikuwa wazi. Sauti yake ilitoka kwa jirani wa kushoto, kwa jirani wa kulia, na ghorofa ya juu kwa mama karani aliyekuwa ndiyo kwanza avue viatu, wote wakiambiwa waloweke kunde mapema. Nilikiinua kikombe kwenye mwanga nikaona bado kina alama ya chai, nikakirudisha majini.