Matone ya Mbegu za Balungi

Juzi nilikwenda Nyamirambo kumsalimia mama, nikakuta vidonge vyake vya presha vya mwezi mzima havijaguswa. Pembeni, kichupa cha matone ya mbegu za balungi, kanunua sokoni Kimironko. Nilichemka, ndugu yangu, hata shikamoo nikaisahau.

"Kwani umemsahau bibi yako?" mama akaniuliza. "Si mbegu hizi zilizowakuza?"

Nisahau vipi! Msimu wa balungi sisi watoto tulitemea mbegu kwenye bakuli la bati. Ole wako umeze hata moja. Bibi alizianika kwenye ungo, akazitwanga, na fundi cherehani jirani akafunga dirisha huku akilalamikia kelele za kinu. Tumbo likiuma, kijiko kimoja, chungu kama shubiri. Ukijikata mguu, kidonda kilioshwa kwa maji ya mbegu. Tulipona, tukaringa shuleni kwamba bibi yetu anamshinda daktari.

Na hilo ndilo linaloniudhi. Hatukutaja kwamba maji yale aliyachemsha kwanza, wala kwamba alitulaza siku tatu tukinywa uji. Sifa zote tukazipa mbegu! Na presha bibi hakuitibu kamwe. Ugonjwa asioujua alisema waziwazi: "Hapa mimi sijui, nenda zahanati." Watu wa kusema hivyo wamekwisha.

Muuza matone yeye anajua yote: presha, sukari, vidonda vya tumbo. Ushahidi uko wapi? Kuua vijidudu ndani ya chupa ya maabara si kumponya mama wa mtu. Baadhi ya vichupa vya namna hii vilipopimwa vilikutwa na kemikali ambazo lebo haikuzitaja. Balungi lenyewe hugombana na baadhi ya dawa za presha.

"Ni ya asili," akasema mama.

Hata sumu ya nyoka ni ya asili, mama!

Nikampeleka kituo cha afya. Presha ilikuwa juu mno. Muuguzi akamuuliza anatumia dawa gani nyingine. "Hakuna," akajibu, akanitazama. Kwetu dawa za nyumbani hazitajwi mbele ya daktari. Ni kama kumvua mtu nguo. Matone nikayataja mimi.

Tangu hapo haongei nami. Leo asubuhi nimepiga simu, akapokea jirani yake: mama kidonge amemeza, ila anasema hana mtoto.

Sawa. Aseme hivyo miaka ishirini.